Jibu Baya Kaliua, Unapelekwa Mpanda

Mimi ni mkufunzi wa saikolojia ya elimu katika chuo kimoja cha ualimu hapa Kigoma, na kwa miaka mingi wiki ya marudio ilikuwa wiki ya kusinzia. Nasimama mbele nauliza, "Pavlov tunamkumbuka kwa nini?" Darasa zima: "Mbwaaa!" Ukiuliza huyo mbwa alifanyaje, kimya. (Alizoea mlio unaoambatana na chakula, mpaka akawa anadondosha mate kwa kuusikia tu.) Mmoja aliwahi kuniandikia kwenye mtihani kwamba Pavlov alikuwa mfugaji.

Alasiri moja nikawakuta wanachuo wale wale chini ya mwembe wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Wamekunja sura, wanabishana, mmoja karibu amkabe mwenzake kwa sababu ya kizibo kimoja. Nikajisemea, kumbe usingizi unao wakati wake.

Nikaamua kutengeneza mchezo wa maswali: nadharia za ujifunzaji ukichanganya na mambo ya Kigoma yetu. Mwenzangu wa ofisini aliposikia akanipa ushauri, na ningeomba siku nyingine ushauri wa namna hiyo abaki nao. Kwanza, nitumie projekta. Projekta! Umeme wenyewe unakatika tukiwa tunatafuta waya. Pili, niweke zawadi, "maana madamu, bila zawadi hawachezi." Nikamsikiliza. Nikanunua soda. Siku hiyo hakuna aliyetaka kujua kwa nini jibu ni hilo; walitaka kujua soda ni ya baridi au ya moto. Na mimi ndiye ninayefundisha uimarishaji wa Skinner, yaani kutuza tendo ili lirudiwe!

Ubao wa kwanza nilichora kama wa ludo. Kadi nilikata kwenye manila nyeupe, swali upande mmoja, jibu upande wa pili, nikaandika kwa maka peni nzito ili waliokaa nyuma waone. Nilijisifu sana usiku ule.

Asubuhi kundi la kina dada wa dirishani likaanza kujibu kama redio. Ziwa Tanganyika lina kina gani? Mita 1,470! Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka gani? 1960! Piaget, yule wa hatua za ukuaji wa akili ya mtoto, alizaliwa lini? 1896! Nikafurahi mpaka nikawapigia makofi, nikawaambia wengine waone matunda ya kusoma. Kadi ya tisa au ya kumi ndipo nikaona yule dada anainua kadi juu kidogo kabla ya kuwasomea wenzake, kama anayekagua noti bandia. Jua linapita, wino umepenya, jibu linasomeka nyuma kwa mbele. "Tegaip" gani sijui, wao wanalisoma tu kinyumenyume bila taabu. Nilipowauliza, mmoja akanijibu kwa heshima zote, "Madamu, sisi tulidhani ni zana ya kufundishia."

Basi, jibu usiliandike kwenye kadi. Weka namba, majibu yakae kwenye daftari la mwamuzi.

Nikarudia. Safari hii nikabandika manila juu ya boksi la biskuti ili kadi ziwe nene, na kwa kuwa gundi ya dukani ilikuwa imeisha nikapika uji mzito wa unga wa muhogo. Unashika vizuri mno. Nikafunga kila kitu kabatini ofisini, nikaenda wikiendi. Jumatatu nikakuta panya wamemaliza Behaviorismu yote, yaani kadi za kina Pavlov na Skinner, na za mwanasaikolojia Vygotsky wameacha nusu. Mwenzangu wa projekta alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini hasara ya panya ilinisaidia, maana ilibidi nifikirie upya, na hapo ndipo nilipopata ubao wenyewe. Niliacha ludo. Nikachora reli. Unaanzia Tabora, unapita Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, mpaka Kigoma ziwani. Reli hii ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo hata njia yenyewe ni swali. Kete ni vizibo, nilivikopa mwembeni. Kuna vyumba vya "treni imesimama, subiri zamu moja", ambavyo kwa msafiri wa huku havihitaji maelezo. Kitu ninachojivunia ni Kaliua. Pale reli inagawanyika, tawi moja linakwenda Mpanda. Ukikosa swali la Kaliua, kizibo chako kinageuzwa kusini, unapelekwa Mpanda, na lazima urudi chumba kwa chumba. Wanavyopachukia! Siku hizi chuoni mtu akijibu ovyo hata kwenye kikao cha serikali ya wanachuo, utasikia nyuma, "Huyo mpelekeni Mpanda."

Tatizo lililobaki lilikuwa maswali. Yalikuwa ya kumeza na kutapika. Kijana mmoja wa Ujiji, aliyekulia karibu na kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, alikuwa na 1871, mwaka walipokutana, na miaka mingine yote kichwani. Akashinda mara nne mfululizo na wengine wakaanza kuangalia saa. Nikaweka sharti: kila swali la Kaliua na la Uvinza lichanganye mahali na nadharia, na yaandikwe na wao wenyewe. Kundi linaandika kumi, mimi nachuja. Mengi nilitupa. Mazuri yalikuwa mazuri kweli.

La mawese: mama wa soko la Mwanga anamimina mafuta kutoka chupa pana kwenda chupa nyembamba, mtoto wa miaka 5 anasema yameongezeka. Yuko hatua gani ya Piaget? Ile ya pili, kabla ya utendaji halisi, bado hajajua kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadili chombo. Tangu siku hiyo hakuna aliyelikosa kwenye mtihani.

La dagaa liliwanasa wote. Usiku wavuvi wa Kibirizi wanawasha taa, dagaa wanaifuata. Je, huo ni ujifunzaji wa Pavlov? Makundi matano yakasema ndiyo. Matano yote Mpanda. Dagaa hakufundishwa na mtu kufuata mwanga, hiyo ni silika. Kuku wako anayekuja mbio akisikia bakuli la mahindi likigongwa, huyo ndiye wa Pavlov.

Uimarishaji hasi bado unanisumbua, nakiri. Wanasikia "hasi" wanaandika viboko. Niliwawekea mwalimu anayewafutia kazi ya nyumbani waliomaliza zoezi mapema: ameondoa kinachokera ili bidii iongezeke. Nusu wanaelewa, nusu wanapanda treni ya Mpanda.

Ila siku sitakayoisahau ni ya sokwe. Kadi iliuliza: Sultan, sokwe wa mwanasaikolojia Köhler kule Tenerife, aliunganisha fimbo mbili akavuta ndizi. Sokwe wa Gombe wanachomeka ujiti kwenye kichuguu kuvua mchwa. Nani alipata utambuzi wa ghafla, nani amejifunza kwa kuangalia mwenzake kama anavyosema Bandura? Daftari langu lilisema Sultan utambuzi, wa Gombe kuangalia mama zao. Rahisi. Binti mmoja wa Buhigwe, mkimya, akanyanyua mkono: "Madamu, na yule wa kwanza kabisa kuchomeka ujiti, alimwangalia nani?" Kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyetoka. Nikafunga daftari, nikayapa makundi yote alama.

Gharama? Manila, maka peni, dadu mbili za dukani, sidhani kama ilizidi elfu kumi na tano, ukiacha zile soda ambazo sitaki kuzitaja tena. Makundi yasizidi watu watano, wa sita anachezea simu. Na mwamuzi asiwe wewe kila siku. Mpe yule msumbufu.

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja alirudi kutoka mazoezi ya kufundisha Kasulu. Kule hakuna reli, akachora barabara ya basi. Ukikosa swali unashushwa Kidahwe na mzigo wako. Nikamuuliza kadi amezibandika kwa gundi gani. "Uji wa muhogo, madamu, unashika sana!" Akasema ameziacha kabatini shuleni.

Sikumwambia kitu. Mwanasaikolojia Bruner anataka mwanafunzi agundue mwenyewe.