Siku Babu alipotupakia kwenye Pijo 404

Ile Julai 2002 dereva Colin McRae alipochukua Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, na Ford Focus, kesho yake gereji yetu pale Gerezani, Dar, kazi zilisimama karibu asubuhi nzima. Mimi nilikua bado najifunza, nasafisha plagi na kuwashikia mafundi taa wakiwa uvunguni, ila kwenye ubishi wa rali nilikua na sauti kama wote, maana kila picha ya rali iliyotoka gazetini nilikua naikata nabandika kwenye daftari.

Ubishi ulikua gari gani la rali ndio baba lao. Sisi vijana tulikua Subaru damu damu, Impreza ile ya bluu yenye maandishi ya njano ambayo McRae huyohuyo alichukulia ubingwa wa dunia 1995 na Safari ya 1997, ukiisikia ule mlio wake tu mwili unasisimka. Fundi umeme alikua mtu wa Lancia Delta, na yeye hoja yake ilikua moja, kwamba Lancia wamebeba ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara sita mfululizo, 1987 mpaka 1992, haya nitajieni mwingine. Tukanyamaza. Mpiga rangi akaleta Audi Quattro, gari lililowaonyesha watu wote kwamba rali inataka magurudumu yote manne yavute, afu mwingine akaingiza yale madude ya Group B, daraja la magari ya rali yenye nguvu kupita yote, Delta S4 na Peugeot 205 T16, magari yaliyokua na nguvu mpaka wenye mchezo wakaogopa, yakapigwa marufuku mwisho wa 1986 baada ya Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto kufia kwenye rali ya Corsica.

Muda wote huo mwenye gereji, tulikua tunamwita Babu, yuko chini ya Pijo 404 ya mteja, yaani Peugeot, anafunga shokapu za nyuma. Akatoka, akafuta mikono, akasema taratibu tu, "Wanangu, yote hayo mliyotaja yametengenezwa na kampuni kwa ajili ya mashindano. Hii hapa ilikua teksi, ilikua gari la mwalimu, na imechukua Safari mara nne."

Mara nne kweli. 1963 na 1968 alikua Nick Nowicki, 1966 na 1967 alikua Bert Shankland, Mskochi aliyekua akiishi hapahapa Dar. Hilo la Shankland sikua nalijua kabisa, na nakumbuka lilinigusa sana, kwamba bingwa wa Safari mara mbili mfululizo alikua anapita barabara hizihizi tunazopita sisi. Babu kipindi hicho alikua kijana, anasema mji mzima ulikua unalizungumzia. Na Safari ya miaka ile sio hii ya siku hizi jamani, ilikua karibu kilomita 5,000 usiku na mchana, Kenya, Uganda na kwetu huku, inafanyika Pasaka katikati ya masika, matope mpaka kwenye boneti. 1963 magari yaliyofika mwisho yalikua saba tu. 1968 tena saba tu. Na miaka yote miwili aliyetangulia ni 404!

Fundi umeme akasema hiyo zamani, hakukua na ushindani. Babu hakujibu. Akasema Pijo inatakiwa kujaribiwa shokapu, nani anakuja. Mimi nilikua wa kwanza kuingia, nikakaa mbele, fundi umeme na mpiga rangi nyuma.

Tukashika barabara ya Nyerere, ambayo wazee kama Babu bado walikua wanaiita Pugu Road, Ukonga, Gongo la Mboto, mpaka Pugu, hapo kawaida tu, gia iko kwenye stelingi na Babu anaichezesha kwa vidole viwili huku anapiga stori. Tulipoacha lami kuelekea Chanika ndio nikaelewa alichotuletea. Ile barabara ilikua na mawimbi mawimbi ya vumbi, yale yanayotikisa gari mpaka meno yanagongana, na mbele yetu kulikua na gari dogo la kisasa, saluni, linatambaa linachagua mashimo. Babu hakupunguza, aliongeza. Ukienda taratibu kila wimbi unalipanda na kulishuka, ukifika kama themanini hivi tairi zinaanza kugusa vichwa vya mawimbi tu na gari linatulia. Linatulia kweli! Ila sio kila gari litakubali, linataka springi ndefu na laini zenye nafasi ya kucheza, na 404 ndio ilivyoundwa, bodi inainama kwenye kona unadhani mnalala lakini tairi haziachi ardhi. Tukaipita ile saluni kwa mbali kwa adabu, dereva anatushangaa.

Afu kukaja kipande cha mchanga mzito, mimi nikashika mlango. Babu gia ya pili, mguu haugusi breki, stelingi kailegeza aiache itafute njia yenyewe, injini inavuta polepole bila kulalamika mpaka tukatokea upande wa pili. Injini yenyewe ni lita 1.6 tu, imelazwa upande ili boneti liwe chini, haina turbo haina chochote. Nyuma nilisikia fundi umeme anasema "mh", basi.

Tulisimama chini ya mwembe Babu akatuambia tuingie uvunguni. Nikapitisha mkono kwenye kila nati tuliyofunga asubuhi, hakuna iliyolegea, oili haijavuja hata tone. Hapo ndipo akatuambia kitu ambacho mpaka leo ndio kipimo changu, kwamba Safari ilikua haiulizi nani ana kasi, ilikua inauliza nani bado anatembea siku ya nne. Akatoa mfano wa Joginder Singh, aliyechukua Safari ya 1965 na Volvo PV544 ambayo ilishatumika kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Na akamgeukia mpiga rangi, mtu wa Quattro, akamuuliza hao 205 T16 na Quattro wenye magurudumu manne yanayovuta, 1984, 1985 na 1986 Safari walipigwa na nani? Toyota Celica, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Fundi umeme akaja juu, akasema sawa lakini Delta yangu ilikuja kuchukua 1988 na 1989, na ni kweli, nilifurahi alivyosema maana Delta haistahili kusahaulika kwenye mazungumzo yoyote ya rali.

Mwaka uliofuata, 2003, Safari ikatolewa kwenye ratiba ya dunia, ikarudi 2021. Na ile ya 2002, wa pili nyuma ya McRae alikua Harri Rovanperä na Peugeot 206, afu 2022 mwanae Kalle akaja kuichukua na Toyota. Nilivyoona hivyo nilimpigia simu mpiga rangi tukaongea saa nzima, tukarudia safari yote ya Chanika kona kwa kona.

Subaru naipenda bado. Ila ukiniuliza gari la rali ambalo sisi watu wa Dar tunapaswa kujivunia nitakwambia 404, na inaniuma nikiona zinavyokatwakatwa kuuzwa skrepa. Pale Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, wametunza magari ya zamani ya viongozi, na natamani sana siku moja iwekwe Pijo 404 pembeni yake, yenye bampa la chuma mbele na taa kubwa, na kibao chenye jina la Shankland na miaka yake miwili. Kama kuna mtu ana moja imelala uani kwa marehemu babu yake, naomba asiwaite watu wa skrepa. Aongee kwanza na makumbusho.