Barabara moja, distrikti mbili

Nimetoka shifti ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, sijalala, nimekaa mezani jikoni na karatasi aliyoniachia mama watoto, ina anwani tano za nyumba kwa mwandiko wake ule wa haraka, tatu kazipigia mstari. Mkataba wetu wa apartimenti unaisha Juni. Binti yetu yuko la kwanza, mdogo wake anaanza chekechea mwakani, na hapa Columbus, Ohio ukisema tu unatafuta nyumba hamna mtu anayekuuliza vyumba vingapi, wote wanauliza unataka distrikti gani ya shule.

Mi nilipofika hili neno lilinichanganya kabisa. Nilijua mji ni mji. Kumbe unaweza kuwa mkazi wa Columbus kabisa, polisi wako wa Columbus, bili ya maji inatoka Columbus, halafu mtoto anasoma shule za miji ya pembeni, Dublin au Hilliard au Westerville, kwa sababu mpaka wa mji na mpaka wa shule ni vitu viwili tofauti. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mji huu ulikuwa unapanuka kwa kumeza maeneo ya pembeni, ukitaka maji na mabomba ya maji taka basi jiunge na mji, ila shule hazikufuata kila mara. Halafu 1977 jaji akaamua kwamba shule za Columbus zilikuwa zinawatenga watoto kwa rangi, 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana naye, watoto wakaanza kupandishwa mabasi kuchanganywa, na wenye uwezo wao wakazidi kuhamia kule ambako basi halifiki. 1986 distrikti zikakaa mezani zikagawana mipaka, mkataba wenyewe wakauita Win-Win, yaani huku kashinda na kule kashinda. Nani alishinda na nani alishinda tena, mi sijui.

Sasa huo mpaka ndo unapita kwenye barabara yetu hapa. Upande wa sheli ni distrikti moja, upande wetu nyingine. Nyumba zinafanana mpaka mabati ya gereji, na kwenye zile tulizoangalia sisi tofauti ya bei ilikuwa karibu dola elfu 60. Kuvuka barabara tu! Na mtu asikwambie tumia anwani ya mjomba, shemeji yangu alishatushauri hivyo, nikamkumbusha yule mama wa Akron hapahapa Ohio aliyelala jela siku tisa mwaka 2011 kwa kuwaandikisha watoto wake kwa anwani ya baba yake.

Dalali wetu ni Mkenya, mtu wa Nakuru, mcheshi sana, ila ukigusa shule anakuwa bubu. "Bro, hiyo maneno ya shule angalia mwenyewe, mimi nitaingia shida." Na kweli, kuna sheria ya makazi ya 1968, dalali haruhusiwi kumsukumia mteja mtaa fulani kwa sababu ya rangi yake au alikotoka, na "shule nzuri" limeshatumika sana kama fumbo la hayo mambo, kwa hiyo wengi wanaona bora wanyamaze. Anachofanya yeye ni kukutumia linki halafu anaongelea paa.

Basi nikaingia kwenye linki. Jimbo linatoa ripoti kila mwaka, kila shule na kila distrikti inapewa nyota, moja mpaka tano. Upande wa sheli nyota nyingi, upande wetu chache. Nilikaa naangalia zile nyota saa nzima na aisee nikamwona baba yangu.

Baba Tanga alikuwa anakata ukurasa wa gazeti wenye kumi bora ya matokeo ya kidato cha nne, anaubandika ukutani pembeni ya kalenda, na jina la shule aliyotaka nisome kalizungushia wino mwekundu. Ilikuwa seminari. Nilifanya mtihani wao, nikapita, nikaenda. Na miaka yote minne pale tulijiona sisi ni wa kumi bora kwa sababu ya ile shule, hamna aliyesema kwamba shule ilianza kwa kuwachuja watoto waliokuwa wanafaulu tayari, wale wengine wakabaki shule ya kata, halafu mwisho wa mwaka tunapangwa kwenye orodha moja. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, wenyewe waliiacha hiyo kumi bora Januari 2023, na nakumbuka jinsi wazazi walivyolalamika, kama vile wameng'olewa kibao cha barabarani.

Sasa huku mchujo haufanyiki kwa mtihani. Unafanyika kwa mkopo wa nyumba. Ukiweza ile elfu 60 umepita, usipoweza hujapita, na hakuna anayeuita mtihani.

Nikarudi kwenye ile ripoti nikaisoma tena taratibu, na hapa ndo nataka mtu anisikilize. Nyota ni za aina tofauti. Kuna za ufaulu, yaani watoto wangapi wamefika pale panapotakiwa. Na kuna za maendeleo, yaani mtoto alikuwa wapi mwaka jana na sasa amefika wapi. Ni kama kupima watoto kliniki, moja inasoma urefu, nyingine inasoma ameongezeka sentimita ngapi. Mtoto wa watu warefu atakuwa mrefu hata ukimlisha uji mtupu. Shule ya binti yetu, hii ya upande wa huku ambayo kila mtu anaikimbia, ufaulu ina nyota mbili, maendeleo ina nne. Ile ya ng'ambo ufaulu tano, maendeleo tatu. Niliangalia mara mbili nikidhani nimechanganya majina.

Halafu likanijia jambo ambalo kiukweli lilinikaa vibaya. Zile nyota mbili za ufaulu zimetoka wapi? Zimetoka kwetu. Ni watoto wa apartimenti hizi, Wasomali, Wanepali, Wakongo, mtoto ameingia darasa la tatu hajui Kiingereza na baada ya muda mfupi anakalishwa mtihani wa jimbo kwa Kiingereza. Jirani yangu wa juu ni mama wa Kongo, alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa hapa, mwanae aliingia shule hii hata penseli anaishika kama kisu, sasa ana miaka miwili tu hapo shuleni na ndiye anayemsomea mama yake barua zote. Nilimuuliza yule mama anaionaje shule. Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. "Baba, hiyo masomo iko muzuri sana, batoto banakula hata." Huyo kijana kwenye ripoti ni mojawapo ya walioshusha ufaulu. Kwa hiyo mimi nalipa elfu 60 kumkimbia nani hasa?

Binti yetu mwenyewe mwaka jana alikuwa haongei darasani, nikawa na wasiwasi. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu wake akatuambia usihofu, nimegundua anahesabu kwanza kwa Kiswahili kimoyomoyo ndo anageuza, kwa hiyo huwa namsubiri. Namsubiri! Darasa lina watoto ishirini na kitu na mtu kagundua hilo.

Jana nilimweleza mama watoto haya yote, nikiwa nimejipanga kama wakili. Akanisikiliza huku anafunga kamba za viatu aende kazini, yeye ni mhudumu kwenye nyumba ya wazee. Akasema, "Baba watoto, unafanya falsafa na mtoto wa nani? Mtoto hasomi mara mbili." Halafu akanikumbusha kwamba mwalimu mmoja mzuri ni mwalimu mmoja, mwakani hayupo naye, na kwamba ng'ambo kuna darasa la violini na mwisho wa sekondari kuna masomo ya kupata krediti za chuo mapema, na huku mwaka huu wamepunguza basi. Nami nilikuwa najua amesema kweli, hasa ya basi, kwa sababu nimeshasimama kituoni na watoto kwenye baridi dakika arobaini.

Na hapo kwenye basi ndo suala la hela linapoingia. Huku sehemu kubwa ya pesa za shule inatoka kwenye kodi ya nyumba za palepale, mnaipigia kura wenyewe. Nyumba ya laki tatu inahesabiwa asilimia 35, yaani 105,000, na kila "mili" moja ya kodi, yaani dola moja kwa kila elfu, mkiipitisha ni dola 105 kwa mwaka. Mtaa wenye nyumba za bei mili moja inaleta nyingi, mtaa wenye nyumba hizi zetu inaleta kidogo, na kura ikikataliwa wanakata basi. Mahakama ya juu ya Ohio ilisema 1997 kwamba utaratibu huo unavunja katiba ya jimbo. Umebadilishwa badilishwa tangu hapo, lakini kodi ya nyumba bado ipo, na mi nimesimama kituoni.

Mama amepiga simu kutoka Tanga asubuhi hii, nikamweleza nyota, nikamweleza mpaka. Akauliza, "Hiyo shule yenyewe umeingia ndani, mwanangu?" Ya kwetu ndiyo. Ya ng'ambo sijawahi, nimeiona kwa nyota tu na kwa uwanja wake wa mpira ukipita na gari. Nimewaandikia kuomba kutembelea, wamesema Alhamisi saa tatu, itabidi nitoke kazini nipitilize bila kulala.

Dalali ametuma nyumba nyingine mbili sasa hivi, zote upande wa sheli. Nimemjibu aangalie na za upande wetu. Karudisha kidole gumba, halafu picha ya paa.