Kansas City: nilifuata jazi, nikanaswa na besiboli

Kwanza tuelewane: Kansas City ninayoisema iko Missouri. Ya jimbo la Kansas ipo ng'ambo tu ya mpaka, na nilizichanganya mpaka mdogo wangu aliyenipokea akachoka kunisahihisha.

Lengo langu lilikuwa moja, kuiona saksofoni ya plastiki ya mwanajazi Charlie Parker, ile aliyoipiga Toronto mwaka 1953. Imehifadhiwa American Jazz Museum, pale mitaa ya 18th na Vine inapokutana. Nikaiona, rangi ya maziwa, utadhani ya kuchezea mtoto. Nusu saa nikawa nimeridhika.

Ndani ya jengo hilohilo kuna Negro Leagues Baseball Museum, makumbusho ya ligi za besiboli za Wamarekani weusi. Besiboli siijui hata kidogo. Niliingia kwa kuwa nje mvua ilikuwa inanyesha.

Ukiingia tu unakutana na uwanja mzima, wachezaji wa shaba kila mmoja kwenye nafasi yake. Lakini kati yako na wao pana wavu, kama wa banda la kuku. Hupiti. Inabidi uzunguke kwanza kwenye historia. Mwaka 1920, Rube Foster na wamiliki wenzake walikutana YMCA ya Paseo, jirani tu na hapo, wakaunda ligi yao kwa sababu ligi kubwa ziliwafungia weusi mlango. Jackie Robinson alichezea Monarchs, timu ya weusi ya mji huu, mwaka 1945, miaka miwili kabla ya kuingia Dodgers, timu ya ligi kubwa. Mrushaji Satchel Paige alipokuja kuruhusiwa kwenye ligi kubwa, mwaka 1948, alikuwa na miaka 42! Umri huo wenzake walishatundika viatu.

Ukishayapitia yote hayo ndipo unaruhusiwa kukanyaga uwanja. Nikajikuta nimesimama karibu na Paige, na Josh Gibson akisubiri kudaka. Mdogo wangu alikuwa ameshatoa simu anipige picha. Nikamwambia asubiri kwanza.

Kwingine tulipita pia. Makumbusho ya sanaa ya Nelson-Atkins kiingilio ni bure, na kwenye majani yake kuna sanamu nne za vinyoya vya badminton, kila moja ndefu kuliko watu wawili waliobebana. Makumbusho ya Vita ya Kwanza ya Dunia yatengee siku yake: unaingia kwa daraja la kioo juu ya mipopi 9,000 myekundu, kila ua likiwakilisha wapiganaji 1,000 waliouawa. Baada ya hapo hatukuwa na hamu ya kwenda popote.

Sheria za besiboli bado sizijui. Kofia ya Monarchs ninayo.