"Ngo" Moja, Kisha Kimya: Siku Yangu Gerejini Shimanzi

Saa 11:20 alfajiri

Adhana hunikuta macho. Ningependa kusema ni uchamungu, lakini Januari Mombasa ni joto tu. Chumba changu cha Mishomoroni kimeezekwa bati, na upepo wa kaskazi hauingii dirishani hata ukiuita kwa jina. Naswali, najimwagia maji, navaa ovaroli ya jana kwa sababu ile nyingine bado yanuka dizeli kwenye kamba.

Saa 12:40 asubuhi

Foleni ya daraja la Nyali. Matatu niliyopanda, bushi (raba ya kiungo) ya mkono wa mbele kushoto imekufa. Kila tuta, "tak". Nilinyamaza. Dereva hakuniuliza, na mke wangu alishanikataza kusikiliza magari ya watu.

Saa 1:30 asubuhi

Mahamri matatu, mbaazi za nazi, vikombe viwili vya kahawa chungu kwa mzee wa dele anayepita langoni. Gereji yetu ni kiwanja cha mchanga uliogeuka mweusi kwa oili, mkungu mmoja wa kivuli, kontena la kufungia vifaa, na shimo la kukagulia magari. Mimi ni fundi wa chini: springi, breki, usukani, propela (mhimili unaopeleka nguvu nyuma), difu (gia za ekseli). Injini ni za mwenzangu, nyaya ni za mwingine, nasi hatuingiliani ila kwenye chai.

Saa 2:00 asubuhi

"Sabalkheri, mzee."

"Sabalkheri, mwanangu. Gari hili litaniua kwa mawazo kabla halijaniua kwa ajali."

Hilux dabodifu, yaani ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, nyeupe iliyokuwa nyeupe. Mzee huleta madafu na nazi kutoka Msambweni hadi soko la Kongowea, siku tano kwa wiki, akivuka feri Likoni kwenda na kurudi. Njia ya Dongo Kundu aijua, lakini asema mzunguko ule humla mafuta. Kwa miezi mitatu gari limekuwa likigonga. Ameshabadilisha shoki zote nne, raba za injini, bushi za mikono ya mbele, na krosi (viungo) za propela mara mbili. Zaidi ya shilingi 38,000 zimekwenda, na mlio uko vilevile. Kila fundi aliusikia pale anapopajua yeye.

"Uko wapi mlio wenyewe?" spanaboi wangu mdogo, kijana wa kunisaidia kazi, akauliza.

"Hapa hapa, chini ya makalio yangu!" mzee akaapa.

Sikubishana naye. Chasisi ya pikapu ni kama ngazi ya chuma: ukigonga kipago cha mwisho, aliyeshika kipago cha kwanza hutikisika mkono. Ndiyo maana mimi siulizi sana "wapi". Nauliza "lini".

Tukaketi kwenye boneti ya gari bovu, nikamhoji kama kadhi. Ukiondoka? Yagonga, "ngo", moja tu. Ukishakwenda? Kimya, hata kwenye mashimo. Ukikanyaga breki kwa nguvu? Ngo. Ukirudi nyuma sokoni? Ngo. Ukitia gia ya kwanza uende mbele tena? Ngo. Na mzigo? Mzito zaidi, "kama mtu katupa nyundo ndani".

Hilo neno "moja" ndilo lililonikaa. Bushi ya shoki iliyokwisha hugonga kila shimo, haichoki. Lakini kitu kinachogonga mara moja kila nguvu inapogeuka, kisha kikanyamaza, hicho ni kitu kinachohama. Kimesukumwa upande mmoja kikatulia huko, kikingoja kusukumwa tena.

Saa 2:40 asubuhi

Tukazunguka na gari hadi Makupa na kurudi. Nikausikia mwenyewe, na hapo ndipo kiburi kilipoingia.

Propela ya gari hili ina sehemu ambapo chuma kimoja chenye meno huteleza ndani ya kingine. Lazima iwepo, maana springi zikipanda na kushuka, umbali kati ya giaboksi na difu hubadilika, na propela ya urefu mmoja ingevunja kitu. Meno yale yakikosa grisi hung'ang'aniana. Gari likisimama propela hubaki imejivuta, kisha ukiondoka huachia kwa kishindo: ngo, moja. Na mtu anayepita kwenye maji ya chumvi ya Likoni kila siku, grisi yake haidumu.

Niliwaeleza spanaboi wote wawili haya yote kwa sauti ya mhadhiri, nikaweka dau la soda. Tukainua gari, tukatia grisi kwenye nipeli (kitundu cha kutilia grisi) mpaka ile ya zamani ikatoka rangi ya kutu. Hendibreki juu, gia frii, nikashika propela kwa mikono na kuizungusha huku na huku: krosi mpya hazichezi hata kidogo, difu ina mchezo wake wa kawaida tu. Kila kitu kilikuwa kikinikubali.

Saa 3:50 asubuhi

Mzee akaondoka. Langoni akasimama kumpisha mtu wa tuktuk, akaondoka tena.

Ngo.

Kiwanja kizima kilisikia. Spanaboi mdogo akanigeukia kwa adabu zote: "Fundi, soda iwe baridi au hivyo hivyo?"

Saa 4:30 asubuhi

Probox ya mwalimu mmoja, pedi za breki za mbele. Nusu saa.

Saa 5:15 asubuhi

Kipimo nilichokifanya sasa ndicho nilichopaswa kuanza nacho, na hakigharimu hata shilingi.

Nguvu ya injini hupitia giaboksi, propela, difu, mpaka magurudumu ya nyuma. Breki haipiti huko. Yenyewe hukamata gurudumu moja kwa moja. Sasa ukizima injini, ukaweka gia frii, kisha gari likasukumwa na watu na kusimamishwa kwa breki, propela na krosi zake haziko kazini. Likigonga hapo, krosi umezisingizia. Halafu kuna la pili: hendibreki hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Bushi na boljointi za mbele haziwezi kulalamika kwa kitu kisichozigusa.

Nikamweka mzee kwenye usukani. Mimi, spanaboi wawili na fundi wa nyaya tukasukuma. Jua hilo! Bodi ilikuwa inaunguza viganja. Likashika mwendo wa mtu anayewahi matatu.

"Vuta, mzee!"

Ngo.

Tukalisukuma nyuma. "Vuta!" Ngo. Mbele tena. Ngo. Spanaboi mkubwa, ambaye huongea mara mbili kwa siku, akasema: "Ni nyuma." Krosi mpya seti mbili, bushi za mbele, raba za injini, mzee alikuwa ananunua vipuri vya mtu mwingine.

Saa 6:40 mchana

Adhuhuri. Kisha mhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu. Soda nililipa. Mzee alilala chini ya mkungu, kofia usoni.

Saa 7:50 mchana

Nikashuka shimoni. Kwenye gari la Nairobi, kitu kinachosuguana hujitangaza: utaona chuma kimeng'aa au unga mwekundu wa kutu pale kinapocheza. Gari linalovuka feri kila siku lina unga mwekundu kila mahali. Chumvi imeandika chini nzima, hujui usome wapi. Nikazishika yubolti za springi ya kushoto, zile bolti za umbo la U zinazoibana kwenye ekseli, nikazitia spana: zimekaza. Za kulia: zimekaza. Nikatikisa shakeli (kiungo cha ncha ya springi) na bushi zake kwa mtaimbo: si mbaya. Karibu nipande juu nikaseme sijui.

Ndipo nikakumbuka chaki. Mwanangu hutoka shuleni na vipande mfukoni, navyo huishia kwenye ovaroli yangu kwa njia nisizozielewa. Nikakwangua kutu kidogo kila upande, nikachora mstari mmoja kutoka kwenye majani ya springi (vibamba vyake vya chuma) kushuka hadi kwenye kikalio cha ekseli. Tukasukuma tena, hendibreki, ngo. Nikachungulia.

Mstari wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa umekatika vipande viwili, kimoja kimeacha mwenzake karibu milimita 8.

Ekseli ilikuwa inatembea chini ya springi yake. Upande mmoja tu, maana yake kila mzee akikanyaga breki na mzigo, magurudumu ya nyuma yalikuwa yanageuka kidogo kama yana usukani wao.

"Mzee, gari hili likifunga breki haliendi upande?"

"Laenda, lakini si sana. Nilidhani ni tairi."

"Na springi zimeguswa lini?"

Akafikiri. Jani moja lilivunjika kitambo, akapeleka kwa fundi wa springi, akabadilishiwa na kufungiwa yubolti mpya kabisa. Mlio ulianza lini? "Kama wiki tatu baadaye." Alisema hivyo kisha akanyamaza, nami nikanyamaza, maana swali hilo lilikuwa langu la saa mbili asubuhi nami sikuliuliza.

Saa 9:00 alasiri

Stendi mbili chini ya chasisi, vigingi magurudumu ya mbele, jeki chini ya ekseli ili ishuke polepole. Hapa sina mzaha na vijana. Anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hafanyi kazi na mimi.

Nati za yubolti zilipofunguka, siri ikatoka. Yubolti zilikuwa ndefu kuliko zilizohitajika, na nyuzi zake, ile mikato ya kupitia nati, hazikuchongwa kushuka vya kutosha. Nati ilishuka mpaka nyuzi zikaisha, ikagota hapo kwenye chuma kitupu. Spana husema "imekaza", na kweli imekaza, ila imejikaza yenyewe. Springi haijabanwa pamoja na ekseli.

Kazi ya kushikilia ekseli basi ikaachiwa senta bolti, kile kijiti kinachopita katikati ya majani, ambacho kichwa chake huingia kwenye tundu la ekseli. Senta bolti kazi yake ni kuonyesha mahali pa kukaa. Anayeshikilia ni yubolti, kwa kubana. Ukikipa kijiti kile mzigo wa madafu na breki za mteremko wa Likoni, hukatika tu. Kilitoka vipande viwili, na pale kilipokatikia palikuwa pameng'aa kwa kusuguana kama shilingi mpya.

Mzee alikishika kiganjani. "Na watu hujaa mbele ya gari langu pale ferini," akasema. Sikuongeza neno. Alikuwa ameshaona mwenyewe: ekseli ikisogea zaidi, paipu ya breki huvutwa, na propela nayo ina mwisho wa kuteleza.

Saa 10:10 alasiri

Bodaboda hadi Mwembe Tayari na kijiti kilichokatika mfukoni. Senta bolti mbili za chuma kigumu, maana sitaacha ya kulia iliyobeba mzigo wa mwenzake. Yubolti nne nilizichagua kwa rula: upana wa ekseli, urefu wa majani yote pamoja na bamba, na nyuzi zinazobaki nati ikishabana. Muuza duka akachoka nami. "Fundi, zote ni za Hilux." Nikamwambia hata zile zilizonileta hapa ziliuzwa kwa maneno hayo hayo.

Saa 11:15 jioni

Majani tukayasugua kwa brashi ya waya na kukagua nyufa moja moja, yamepona. Senta bolti zikaingia, vichwa vikakaa kwenye matundu yake, kila upande. Yubolti tukazikaza kwa zamu, kona kwa kona, kidogo kidogo, na mkazo wa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Nikahesabu nyuzi zilizobaki juu ya kila nati. Kisha nikachora mstari mpya wa chaki, kushoto na kulia.

Tukasukuma. "Vuta!" Kimya. Nyuma, vuta. Kimya. Nikawapakia spanaboi na mafundi wote waliokuwa karibu nyuma kama mzigo wa madafu, mzee akaendesha hadi barabara kuu na kurudi, akifunga breki kama mwanafunzi wa udereva. Walirudi wakimlaani.

Saa 12:20 jioni

Pesa. Nilitaja 3,000 ya kazi, akataja 2,000, tukakutana 2,500 na madafu kumi Ijumaa. Grisi ya asubuhi sikumtoza; ile ilikuwa ada yangu ya kiburi. Nikamwambia arudi Alhamisi nizikaze tena yubolti, maana chuma kipya hukaa baada ya kubeba. Alhamisi hawezi, ana soko. Ijumaa baada ya sala, basi, na madafu hayo hayo.

Spanaboi mdogo akainama na kitambaa afute chaki. Nikamzuia. Nikamwinamisha mzee nyuma ya gurudumu nikamwonyesha: kila asubuhi kabla ya kuwasha, tazama hapa. Mstari ukikatika, usivuke, nipigie.

Saa 3:10 usiku

Niko kitandani, feni yazunguka, simu ikalia. Picha kutoka kwa mzee, bila maneno. Imepigwa na mjukuu wake, imetikisika, nusu ni tairi, na nyuma yaonekana sakafu ya chuma ya feri yenye maji. Niliikuza mara mbili ndipo nikauona mstari wa chaki. Mzima.