Mihuri 33 ya Abate Samson

Mimi ni mweka hazina wa mutualité, chama cha kusaidiana, ya avenue yetu, hapa Katuba, Lubumbashi. Cheo ni kikubwa kwa jina tu, kazi yenyewe ni kuhesabu viti. Tuna viti vya plastiki 140, sufuria kubwa 6, bashi 2 za kukinga mvua kwenye kilio, na daftari moja lililomwagikiwa chai. Mtu wa avenue akifiwa, anachukua bure. Wa mbali analipa kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichotuponza.

Nilipokabidhiwa daftari mwaka jana, wiki ya pili tu akanijia mtu nisiyemjua, ana karatasi mkononi: dola 200 za banque lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, na riba inapanda kila mwezi. Chini ya karatasi kuna kashé yetu, yaani muhuri. Baada ya siku tatu akaja mwingine, na yake ina kashé pia, ila hii ni ya duara na ile ya kwanza ilikuwa ya pembe nne. Nikamuuliza Mama Présidente tuna kashé ngapi. Akasema moja. Katibu akasema mbili.

Mpwa wangu anasoma historia chuoni. Alinikuta nimejishika kichwa, akacheka. "Muyomba, wamonaki yaliwapata hayo hayo." Akaniletea kitabu cha Kifaransa, tafsiri ya habari alizoandika kwa Kilatini mmonaki mmoja Mwingereza, Jocelin wa Brakelond, zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Sisi wa Lubumbashi tunadhani Wabenedikto tunawajua. Ni shirika la wamonaki, na Monsenyori de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la Katanga tangu 1910 mpaka kifo chake 1958, alikuwa mmoja wao, na wazee wetu hawakuwa na haja ya kuambiwa maana ya kumtii mkubwa mwenye ndevu. Kwa hiyo nilifungua kitabu nikitegemea sala, kengele za usiku, na watakatifu waliokonda kwa kufunga. Ukurasa wa kwanza tu nikakutana na madeni.

Abasia, yaani nyumba ya wamonaki, ilikuwa Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza, tajiri wa ardhi na mashamba. Abate wake, mkubwa wa nyumba, Hugh, alikuwa mzee, macho yamefifia, mtu wa sala na wa huruma, lakini mambo ya pesa hayakuwa yake. Neno abate linatokana na lile lile la barua kwa Waroma, "Aba, yaani Baba", na Hugh alikuwa baba wa namna tunayoijua: kila aliyekuwa karibu naye alimwambia mambo yanakwenda vizuri, naye akaamini. Kumbe makoti ya hariri ya ibada na vyombo vya dhahabu viliwekwa rehani. Sakristani, mtunza vitu vya kanisa, aliyeitwa William, alikopa mark 40, fedha ya wakati ule, ili atengeneze jengo moja lililokuwa linabomoka. Hazikulipwa. Deni likafika pauni 100, likaandikwa upya likawa 400, likaandikwa tena likawa 880, za kulipa pauni 80 kila mwaka. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Karatasi ya dola 200 ilikuwa bado mezani.

Jocelin, wakati huo bado mnovisi, mmonaki mwanafunzi, alimuuliza mwalimu wake kwa nini hasemi, na yote anayaona. Mwalimu huyo ndiye Samson. Alikuwa ameshawahi kusema, akafukuziwa mbali na nyumba yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alinyamaza, akangoja.

Hugh alikufa 1180, baada ya kuanguka kutoka mgongoni mwa mnyama akiwa safarini kuhiji Canterbury. Ikabidi wangoje mpaka 1182 ndipo mfalme, Henry II, alipowaita wachague. Walitumwa wamonaki 13. Jocelin anamwonyesha Samson akifunga msafara, ameikunja kanzu yake mikononi. Mwishowe ndiye aliyetoka abate. Mfalme hakumjua. Aliwaapia wamonaki kwa macho ya Mungu kwamba wakiharibu watamwona yeye.

Sasa nije kwenye mihuri, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kila mwenye kazi mle ndani, mtunza ghala, sakristani, mtunza nguo, alikuwa na muhuri wake, na kwa muhuri huo aliweza kukopa kwa jina la nyumba nzima. Samson aliamuru yote iletwe mbele yake. Ikahesabiwa 33! Akakataza mtu yeyote kukopa zaidi ya pauni moja bila idhini ya priori, msaidizi wa abate, na wamonaki wote. Hakuna muujiza hapo. Ni hesabu tu, ila nyumba ilianza kupumua.

Jumapili iliyofuata nikaita kikao. Nikaweka katikati kopo tupu la maziwa ya unga, nikasema kila mwenye kashé aitumbukize humo. Kimya. Mama Présidente akatoa yake kwenye mkoba. Katibu akatoa mbili. Mwakilishi wa vijana akatoa moja yenye jina la mutualité la zamani, tulilolibadili miaka mingi iliyopita. Ya tano haikuonekana mpaka jioni: watoto wa katibu walikuwa wanaichezea, wamepiga duara za buluu ukutani na kwenye tumbo la mdogo wao. Tano kwa viti 140. Nikaona Bury walikuwa afadhali.

Samson nilimpenda kwa vitu vidogo. Wa kimo cha kati, karibu upara mzima, ndevu nyekundu, na ndani ya miaka 14 baada ya kuchaguliwa alikuwa mweupe kama theluji. Alipenda maziwa matamu na asali kuliko vyakula vingine. Hakuwavumilia wanaonung'unikia chakula. Aliwahubiria watu kwa Kiingereza, kwa lafudhi ya kwao Norfolk. Na alikiri kwamba kama angekuwa na mark 5 au 6 kwa mwaka za kumweka shuleni, asingekuwa mmonaki wala abate. Jocelin alikuwa kapelani wake, mchana na usiku pamoja naye, lakini kadiri kurasa zinavyokwenda unamsikia naye anaanza kunung'unika. Nilijua ataanza.

Kuna ukurasa mmoja ambao sikuupita vizuri. Mwaka 1190, Jumapili ya Matawi, Wayahudi 57 waliuawa pale mjini. Samson hakuwatetea waliobaki. Alimwomba mfalme ruhusa ya kuwafukuza, wakatolewa mjini wakisindikizwa na watu wenye silaha. Jocelin analiandika hilo kama sifa, pamoja na shamba la Mildenhall lililorudishwa na hospitali iliyojengwa. Na waliotia mihuri kwenye madeni yale walikuwa wamonaki wenyewe, na waliodai walikuwa Wayahudi na Wakristo pia! Mpwa wangu alizaliwa baada ya 1993, hakuona stesheni ya Likasi wakati Wakasai walipofukuzwa Katanga, magodoro na kuku na wazee wamekaa majuma wakingoja treni ya kuwarudisha Kasai ambako wengi wao hawakuwahi kuishi. Fundi aliyenishonea suruali ya kwanza alikuwa mle. Nilimwambia mpwa wangu: huyu abate wako ni mhasibu hodari, basi.

Akanijibu, "Muyomba, lakini kopo la maziwa umelichukua kwake."

Ni kweli. Liko juu ya kabati, kashé nne zimekatwa kwa wembe, moja ndiyo nzima, na haitumiki mpaka tuwe watatu. Juzi saa mbili za usiku kijana alibisha anataka karatasi ya viti 60 vya kilio huko Kenya, komini ya hapa hapa mjini. Nikamwambia viti achukue, karatasi kesho. Alivibeba bila kuaga. Vimerudi 58.