Nusu ya Shairi Iliyotoka Angani

Wanangu mlioko Pangani, juzi mliponiuliza kwa simu kama huku Japani ninakoishi kuna mtu aliyewahi kufika angani, niliwajibu kwamba yupo, tena kwao si mbali na kwangu, kisha salio likaisha kabla sijataja hata jina lake. Leo nimekaa mezani, binti yangu akiwa amelala, ili mimi mama yenu mdogo niwasimulie kwa utaratibu habari za daktari Chiaki Mukai, mwanamke wa kwanza wa Japani kwenda angani.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1952 katika mji wa Tatebayashi, mkoa wa Gunma, kaskazini ya Tokyo. Ni mji wa tambarare unaojulikana nchi nzima kwa joto lake la kiangazi, joto ambalo nililihisi nikakumbuka mchana wa Januari hapo kwenu. Baba yake alikuwa mwalimu wa sayansi, na mama yake alikuwa na duka la mabegi. Mdogo wake wa kiume aliugua maradhi ya mguu, na Chiaki, kwa kumwona kila siku akitaabika kutembea, alisema angali mtoto wa shule ya msingi kwamba atakuwa daktari. Akashika neno lake: alisoma katika Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, akahitimu mwaka 1977, na akawa daktari wa upasuaji wa moyo.

Mwishoni mwa mwaka 1983, akiwa hospitalini baada ya zamu ya usiku, alifungua gazeti akakuta habari kwamba Japani inatafuta wanaanga. Mpaka siku hiyo alidhani safari hizo ni za Wamarekani na Warusi peke yao. Waliojitokeza walikuwa watu 533, na mwaka 1985 wakachaguliwa watatu tu, yeye akiwa mwanamke pekee kati yao. Lakini kuchaguliwa hakukuwa kusafiri. Januari 1986 chombo cha Marekani kilichoitwa Challenger kiliharibika angani muda mfupi baada ya kuruka, wote saba waliokuwamo wakafariki, na safari zote zikasimama kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1992 mwenzake Mamoru Mohri aliruka, na Chiaki akabaki chini kama mtu wa akiba, ambaye hujifunza kila kitu sawasawa na anayesafiri, ila hasafiri. Alingoja miaka tisa. Kwa muda mrefu aliishi Houston, Marekani, akijifunza na kufanya kazi kwa lugha ya kigeni, ilhali mumewe, naye daktari, yuko Japani. Sisi tulio mbali na watu wetu tunaujua vizuri uzito wa maisha ya namna hiyo, na nadhani ndiyo sababu ninampenda mama huyu hata kabla sijafika kwenye sehemu ya roketi.

Tarehe 8 Julai 1994, akiwa na umri wa miaka 42, aliondoka Florida ndani ya chombo cha Columbia pamoja na wenzake sita. Walikaa angani karibu siku 15, wakaizunguka dunia mara 236, na wakati huo hapakuwa na mwanamke aliyewahi kukaa angani muda mrefu kuliko huo katika safari moja. Ndani ya chombo mlikuwa na maabara, na kati ya abiria wake walikuwamo samaki wanne wanaoitwa medaka, wawili madume na wawili majike. Medaka ni kisamaki cha mashamba ya mpunga, kidogo kama dagaa, na karibu kila mtoto wa Kijapani amewahi kumfuga. Wanasayansi walitaka kujua kama mnyama mwenye uti wa mgongo anaweza kuzaa mahali pasipo na uzito. Tatizo lilikuwa kwamba samaki wengi wakiondolewa uzito hupotewa na juu na chini, wakaanza kupiga vichwangomba bila kukoma. Kwa hiyo walitafutwa medaka wa ukoo maalumu ambao hubaki watulivu katika hali hiyo. Wale wanne walitaga mayai 43, na manane yakaanguliwa hukohuko angani. Hebu fikirini samaki aliyezaliwa mahali ambapo maji yenyewe hayana juu wala chini! Vizazi vya samaki hao viligawiwa baadaye kwa shule nyingi za Japani, watoto wakawafuga madarasani.

Mtaniuliza uzito ulikwenda wapi. Watu wengi, hata wazima, hudhani kwamba ukifika juu sana dunia huacha kukuvuta. Sivyo. Kwenye kimo cha kilomita 300 hivi dunia bado inavuta kwa nguvu inayokaribia ile ya hapa chini. Mnajua mnaporuka kutoka gatini kuingia mtoni, kuna nukta moja kabla hamjagusa maji ambapo tumbo huwa kama tupu? Kama ungekuwa umeshika embe ukaliachia katika nukta hiyo, lingebaki pembeni ya mkono wako, kwa sababu wewe na embe mnaanguka pamoja. Mwanaanga huishi ndani ya nukta hiyo kwa siku nyingi mfululizo. Chombo chake kinaanguka muda wote, ila kinakwenda mbele kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, na kwa kuwa dunia ni mviringo, kinaanguka kuizunguka bila kuigusa, mzunguko mmoja kwa dakika 90.

Aliporudi ardhini, kilichomshangaza si anga tena bali uzito. Hata karatasi aliyoshika aliihisi nzito, na ameeleza jinsi alivyovutiwa kuona vitu vikianguka, jambo ambalo sisi tunalipita kila siku bila kulitazama. Safari yake ya pili ilikuwa mwaka 1998 katika chombo cha Discovery, akawa Mjapani wa kwanza kwenda angani mara mbili. Walisafiri na mzee John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, ambaye sasa alikuwa na miaka 77, na utafiti mmojawapo ulihusu jinsi usingizi unavyokuwa huko. Baadaye Chiaki alifundisha, akaongoza kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sayansi ya anga, akawa makamu wa rais wa Chuo Kikuu cha Sayansi cha Tokyo. Hayo mtayasoma mkikua. Mimi ninataka kubaki kidogo mwaka 1998, kwa ajili ya shairi.

Wajapani wana shairi fupi liitwalo tanka, lenye mizani 31 zilizopangwa tano, saba, tano, kisha saba na saba. Naam, nao huhesabu mizani kama sisi, ingawa hawajali vina. Katika safari hiyo Chiaki alitunga sehemu ya kwanza tu, akawaomba watu walio ardhini waimalizie, kama malenga anayewatupia wenzake swali ili wamjibu. Majibu yaliyokuja yalizidi 144,000. Nimeligeuza neno lake kwa Kiswahili, mizani nikizichunga:

Pinduka tena
kadiri upendavyo
bila uzito

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu Tatebayashi, kwenye jumba la sayansi la watoto lenye jina la Chiaki Mukai. Ndani yake mna ukumbi wa kuba ambamo nyota huoneshwa darini, naye alikaa amenyanyua uso mpaka taa zikawashwa. Kwenye treni ya kurudi nilimsomea mistari yangu mitatu, nikamwambia amalizie mizani saba na saba. Alihesabu kwa vidole akitazama dirishani, akafuta, akahesabu upya, na vituo vinne baadaye akanipa daftari. Alikuwa ameandika hivi:

Mama akikumbuka
chozi halianguki

Nilimuuliza amejuaje, akasema kwamba huko juu hakuna kitu kinachoanguka, kwa hiyo chozi nalo hubaki jichoni kama kijitone, halifiki shavuni.

Usiku huo nilimpigia bibi yenu nikamsomea yote mawili, la Chiaki na la mjukuu wake. Akanyamaza, nikasikia kidole chake kikigonga ubao wa kitanda mara saba, kisha mara saba tena.

"Zimetimia," akasema. "Mwambie anitungie lingine."