Hasira ya meneja, kimya cha mpishi

Meneja wetu Mtaliana akikasirika, hoteli nzima inajua. Atapiga meza, mikono juu, sauti ifike mpaka kwenye bwawa la kuogelea. Halafu baada ya muda mdogo unamkuta anakunywa kahawa na huyo huyo aliyemfokea. Kwake yamekwisha. Hana kinyongo, na hilo namsifu.

Siku moja alimfokea mpishi wetu mkubwa, mtu mzima wa Kinyasini, kisa mchuzi wa pweza umezidi chumvi. Mzee hakujibu. Alizima jiko, akakunja aproni akaiweka juu ya friza, akasema "haya, kwaherini", akenda zake. Kesho yake zikaletwa salamu kwamba anaumwa.

"Kama kakasirika, si angesema?" meneja akaniuliza.

Nikamwambia kashasema. Tena chumvi hakuijali. Umemkaripia mbele ya vijana aliowafundisha mwenyewe kukata kitunguu.

Mimi ni supavaiza wa vyumba hapa hotelini, Kiwengwa, Zanzibar. Zamani nilipokuwa natandika vitanda, nilitakiwa kumchekea mgeni tu. Tukifika stoo ya mashuka tunamsema meneja mpaka roho zinatua. Siku hizi nikiingia stoo wananyamaza. Juu siwezi kufoka, chini sitakiwi kununa. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege waliofunzwa kutabasamu na wakusanya madeni waliotakiwa kuwa wakali: hisia nazo ni kazi ya kulipwa. Kwetu wa risepsheni anacheka, mhasibu anayewadai mawakala ananguruma, na ukuta mmoja tu kati yao. Mimi wa katikati nalipwa kumeza.

Basi meneja akataka kuomba radhi kwa WhatsApp. Nikamkatalia. Tulikwenda kwa mzee baada ya alasiri, tukamtanguliza mtu mzima mwengine wa pale kazini. Tukaletewa kahawa na haluwa. Ikazungumzwa mvua, ikazungumzwa bei ya samaki, na Mtaliana kila mara ananitupia jicho: tunaanza lini? Masikini, hakujua tumeshaanza. Mwisho akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mzee, unisamehe."

"Yameshapita hayo. Kunywa kahawa."

Jumamosi mzee alikuwa jikoni, anawagombeza vijana wake. Na mimi nyumbani mume wangu ananiuliza nimenuna nini wiki nzima.